Dola yako ya anga imekwama: kutafuta chanzo ndani ya Master of Orion II

Anayeniuliza aanze na mchezo gani wa kujenga dola angani namwelekeza kwenye Master of Orion II. Ulitengenezwa na Simtex na kutolewa na MicroProse mwaka 1996, na kwa umri huo laptopu yoyote ya mtumba kutoka Kariakoo inauendesha kupitia DOSBox, programu ya kuendeshea michezo ya zamani ya DOS. Hautaki kadi ya picha ya bei kubwa, hauli bando, na wewe na wenzako mnaweza kukaa barazani mkapokezana kompyuta moja, kila mtu na zamu yake.

Ugumu wake ni mmoja: haukwambii umekosea wapi. Ukivuruga mambo zamu ya 20, maumivu yanakuja zamu ya 120. Vijana wanaoniletea faili zao za mchezo nizitazame huanza na maneno yaleyale, "Kaka, nimevamiwa, nifanyeje?" Nikifungua faili, nakuta uvamizi ndio tatizo dogo kuliko yote. Jirani amekuja na meli kumi kwa sababu ana makoloni kumi, na yeye ana makoloni kumi kwa sababu wakati anasambaa wewe ulikuwa unajenga manowari za kulinda sayari moja. Kwa hiyo kila dalili hapa chini naifuata kwa kurudi nyuma, hadi pale ilipozaliwa.

Takwimu ninazotaja ni za toleo 1.31. Kwa mchezo wa kwanza chagua ugumu wa Tutor au Easy, anza na kiwango cha teknolojia cha Average ili upewe meli ya walowezi na vyombo viwili vya upelelezi, halafu uzime mashambulizi ya Antaran (maadui wanaovamia ghafla kutoka nje ya ramani) na matukio ya bahati nasibu. Hivyo viwili vinanoga sana ukishaujua mchezo. Kabla ya hapo vinakuchanganya tu, kwa sababu hutajua kama umeumia kwa uamuzi wako au kwa bahati mbaya.

"Watu wanakufa njaa na chakula kipo"

Hili ndilo linalowachanganya wengi, na ndilo rahisi zaidi kutibu ukishaelewa chakula kinavyotembea.

Kila kichwa unachokiona kwenye orodha ya koloni ni watu milioni moja, na hula chakula kimoja kila zamu. Ziada ya sayari moja haifiki sayari nyingine yenyewe. Lazima iwepo meli ya mizigo, na kila meli hubeba chakula kimoja tu. Ukijenga Freighter Fleet unapata meli tano kwa mpigo.

Binti mmoja wa Tabata alinionyesha dola yake ikiwa katika hali hiyo. Sayari ya nyumbani ilikuwa na ziada ya chakula sita, makoloni mawili yalikuwa yanakosa kimoja kimoja, na kila zamu ujumbe wa njaa unajirudia. Alikuwa ameshahamisha wafanyakazi wa kiwandani kuwapeleka shambani, ziada ikapanda, njaa ikabaki palepale. Meli za mizigo alikuwa nazo, tano kamili. Lakini zamu mbili kabla alikuwa amemhamisha mkazi mmoja kutoka nyumbani kwenda nyota nyingine, na kuhamisha kichwa kimoja kati ya nyota huchukua meli tano mpaka afike. Meli zote zilikuwa safarini na mtu mmoja, chakula kimebaki ghalani. Tukamwongezea kundi la pili la meli, tukawarudisha watu viwandani, njaa ikaisha bila kuongeza hata mkulima mmoja.

Basi ukiona njaa, kagua kwa mpangilio huu. Kwanza jumla ya chakula cha dola nzima: kama ni hasi, kweli huna wakulima wa kutosha. Kama ni chanya, hesabu meli za mizigo zilizo huru. Kama nazo zipo, tazama kama kuna meli ya adui imekaa juu ya koloni hilo, kwa sababu koloni lililozingirwa haliletewi kitu. Hapo hakuna dawa ya shambani; mwondoe aliyekuzingira.

Usiwalazimishe watu kulima kila mahali. Mkulima kwenye sayari ya Terran, Ocean au Swamp huvuna viwili, kwenye Gaia vitatu, kwenye Desert au Tundra kimoja, yaani anakula alichokivuna chote. Kwenye Barren, Toxic na Radiated havuni kabisa. Teua sayari moja au mbili zenye rutuba ziwe ghala la dola, nyingine zote zifanye kazi nyingine. Ziada iliyobaki mchezo wenyewe unaiuza, ila kwa bei ya hasara, kwa hiyo chakula cha kupita kiasi ni watu uliowapoteza shambani.

"Nina sayari tatu, mwenzangu ana kumi"

Chanzo cha kawaida ni bei. Meli ya walowezi, ile Colony Ship, inagharimu vipimo 500 vya uzalishaji, na anayeanza hukaa zamu nyingi sana akisubiri moja ikamilike. Wakati huohuo, kwenye nyota yake ya nyumbani kuna sayari nyingine zinazozunguka jua lilelile, ambazo zinahitaji Colony Base tu, kwa vipimo 200. Jaza nyumbani kwanza. Nimeona watu wanatuma walowezi mbali kabisa na jirani wa mlango wa pili bado yuko wazi.

Kama sayari za nyumbani zimeisha na ramani inakataa usiende mbali, tatizo ni mafuta. Matangi ya mwanzo yanakufikisha parseki 4 (parseki ni kipimo cha umbali angani). Teknolojia ya Deuterium inakupeleka hadi 6, lakini njia ya haraka ni kupanda kituo: Outpost Ship ni vipimo 100, inatua hata kwenye sayari ya gesi au mkanda wa mawe ambako watu hawawezi kuishi, na kutoka pale umbali wako unaanza kuhesabiwa upya. Kituo kimoja kwenye nyota ya katikati kinaweza kukufungulia upande mzima wa ramani.

Kuna sababu ya tatu ambayo haionekani kirahisi. Idadi ya watu hukua kwa kasi zaidi sayari ikiwa imejaa nusu. Ikikaribia kujaa, ukuaji unazimika. Sayari ya nyumbani iliyojaa pomoni inafurahisha kuitazama, lakini haizai tena. Chukua watu wawili watatu pale uwapeleke kwenye koloni changa lenye mtu mmoja. Nyumbani pataanza kukua upya, na kule koloni litaacha kusuasua. Hamisha kidogokidogo, na kabla ya kubonyeza kumbuka hesabu ya meli za mizigo.

Kama meli ya walowezi ilipotea njiani au ilipofika tu, nyota ile ilikuwa na mlinzi. Sayari nzuri mno zilizoachwa wazi mara nyingi zina jitu la anga linalozilinda. Tanguliza mpelelezi. Na nyota ya Orion yenyewe, pamoja na mlinzi wake aitwaye Guardian, iache hadi mchezo umekomaa.

"Koloni lina watu lakini halizalishi kitu"

Fungua skrini ya koloni, soma mambo manne: madini, nguvu ya mvutano ya sayari (gravity), uchafuzi, na ari ya watu.

Madini ndiyo msingi. Mfanyakazi mmoja kwenye sayari ya Ultra Poor hutoa kipimo 1, Poor 2, Abundant 3, Rich 5, Ultra Rich 8. Watu watano kwenye Ultra Poor wanapitwa na mtu mmoja aliye kwenye Ultra Rich. Watu wa sayari maskini wafanye wanasayansi. Utafiti haujali madini.

Mvutano unawaumiza hasa wanaocheza na jamii ya Psilon, na ni wengi, kwa sababu Psilon ndio ninaowapendekeza kwa mwanafunzi. Wao wamezoea mvutano mdogo. Jamii iliyozoea mvutano wa kawaida hupungukiwa robo ya kazi yake kwenye sayari ya mvutano mdogo, na nusu nzima kwenye sayari ya mvutano mzito. Psilon akitoka kwenye mvutano wake naye anaadhibiwa. Angalia alama ya mvutano kabla ya kutua. Jengo la kurekebisha lipo, ila linakuja baadaye.

Uchafuzi ni pale unapoona wafanyakazi wengi, umeongeza na viwanda, halafu namba haipandi. Sayari ndogo huvumilia uchafu kidogo, na ukivuka kiwango chake sehemu ya kazi yako inakwenda kusafisha. Njia ya bure ni kutawanya wafanyakazi kwenye sayari kadhaa badala ya kuwarundika kwenye moja.

Ari: serikali ya Dictatorship na ya Feudalism hukatwa asilimia 20 kwenye koloni lisilo na Marine Barracks. Jenga kambi hiyo, kilio kinaisha. Psilon wako chini ya Dictatorship, kwa hiyo inakuhusu.

Kama vyote vinne viko sawa na koloni bado ni goigoi, basi ni changa tu, na dawa yake ni Automated Factory. Chukua koloni lenye mfanyakazi mmoja kwenye madini ya Abundant. Anatoa vipimo 3. Kiwanda kinagharimu 60, maana yake ni zamu 20 za kusubiri. Kikikamilika, kinaongeza 5 kwa koloni na 1 kwa kila mfanyakazi, jumla inakuwa 9. Mara tatu! Zamu 20 hizo usizisubiri zote. Acha kijengwe hadi nusu, kisha ununue kilichobaki kwa pesa ya hazina. Ukinunua siku ya kwanza utalipa ghali mno. Kazi ikishafika nusu, bei ya kila kipimo kilichobaki inakuwa imeshuka karibu nusu ya ile ya mwanzo. Kila koloni jipya ulifanyie hivyo, kabla ya jengo jingine lolote ukiacha ile kambi.

"Kila mtu amenizidi teknolojia"

Hapa ndipo michezo mingi inapotea, na mhusika hajui kama imepotea.

Utafiti una nyanja nane, na kila hatua ya nyanja kwa kawaida huwa na vitu viwili au vitatu. Jamii ya kawaida inachagua kimoja, vingine vinaondoka kwenye orodha yake. Jamii yenye sifa ya Creative, kama Psilon, inapata vyote. Yenye Uncreative, kama Klackon, inapewa kimoja bila kuulizwa. Ukiwa na jamii ya kawaida, kila uamuzi ni wa kudumu, na anayeanza huchagua silaha kwa sababu silaha inaeleweka haraka.

Rudi nyuma uangalie ulichagua nini kwenye hatua hizi. Advanced Construction inakupa kuchagua kati ya Automated Factory, Missile Base na Heavy Armor. Ukichukua kingine zaidi ya kiwanda, makoloni yako yote yatatembea kwa magoti kwa sehemu kubwa ya mchezo. Optronics ina Research Laboratory, Optronic Computer na Dauntless Guidance System: chukua maabara, inayoongeza utafiti 5 kwa koloni na 1 kwa kila mwanasayansi. Kwenye Astro Biology ni Hydroponic Farm au Biospheres, na hapa nakubali watu watofautiane. Mimi ni wa Biospheres, kwa kuwa nafasi ya vichwa viwili zaidi kwenye kila sayari inalipa hadi mwisho, ila mtu ambaye sayari zake zote ni kavu ana haki ya kuchukua shamba.

Ulichokikosa si kwamba kimepotea moja kwa moja. Kinapatikana kwa kubadilishana na jamii nyingine, kwa majasusi, au kwa kuteka. Kabla ya kumtangazia mtu vita, fungua meza ya diplomasia uone ana nini.

Sababu nyingine ni ya kawaida kabisa: huna wanasayansi. Watu wanajaza wafanyakazi viwandani halafu kiwanda hakina la kujenga, kinazalisha Trade Goods. Kila unapoona koloni linatengeneza bidhaa za biashara na hazina yako haina njaa, wageuze watu wale wawe watafiti zamu hiyohiyo.

Na kama teknolojia zako zinaibiwa au majengo yanalipuliwa, jenga majasusi na usiwatume popote. Asiyetumwa anabaki nyumbani kukulinda.

"Hazina inakauka"

Angalia kwanza alama za kamandi. Kila meli ya kivita inakula alama, kubwa zaidi inakula zaidi, na kila Star Base, yaani kituo cha angani kwenye koloni, inakuongezea. Ukizidisha, unalipa BC 10 (BC ndiyo pesa ya mchezo) kwa kila alama iliyozidi, kila zamu. Manowari tatu za ziada zinaweza kumeza mapato ya dola nzima. Vunja meli kongwe ambazo hata adui hazimtishi, au jenga Star Base kwenye makoloni mengine, ambayo pia inalinda.

Kisha majengo. Karibu kila jengo lina gharama ya kulitunza. Kambi ya mafunzo ya marubani kwenye koloni la watu wawili haina kazi.

Mkataba wa biashara nao huwatisha watu: wamesaini leo, kesho mapato yameshuka, wakaukimbia. Uache uendelee. Ni kama genge jipya mtaani. Mwanzo unatoa mfukoni, faida inakuja wateja wakishazoea. Ukiuvunja mapema umelipa hasara na faida hujaiona.

"Meli zangu zinateketea kila vita"

Sasa tumefika kwenye vita, na kama yaliyotangulia umeyarekebisha, sehemu hii inakuwa fupi.

Risasi za miali zinapita bila kugonga? Meli haina kompyuta ya kulenga ya kisasa. Makombora yanaisha katikati ya pambano? Yana idadi, umeweka machache. Kwa vita vya mapema makombora yanafaa, lakini piga kwa wingi mara moja, usirushe moja moja. Meli zina jina jipya lakini zinapigwa na kila mtu? Huenda umeendelea kujenga mchoro wa zamani. Kila ukipata silaha au ngao mpya, ingia kwenye ubunifu wa meli ufute mchoro wa kale, kisha zirudishe zilizopo karakana zikafanyiwe ukarabati.

Ukiwa dhaifu, pigania nyumbani. Star Base inapigana pamoja nawe, na adui anayeishinda meli yako moja porini anaweza kushindwa na meli hiyohiyo ikiwa chini ya kituo.

Ukishinda angani na sayari haianguki, huna askari. Meli ya kubebea askari huchukua vikosi vinne na hutumika mara moja, na ukiipeleka kabla ulinzi wa sayari haujanyamazishwa inalipuliwa ikiwa na watu ndani.

"Mchezo umeisha na sijashambuliwa"

Umepigiwa kura. Baraza la galaksi hukutana kila baada ya muda, kura zinafuata idadi ya watu, na mgombea akifikisha theluthi mbili anachaguliwa mtawala. Unaweza kukataa matokeo, lakini basi utapigana na wote. Chanzo ni kilekile cha sayari tatu: watu wako ni wachache, kura zako hazizuii chochote. Wakati unaongeza makoloni, tunza uhusiano na angalau jamii mbili, na usimpe kura mgombea mkubwa kwa kumwogopa. Kutopiga kura kunaweza kumchelewesha.

Umeme umekatika

LUKU ikiisha katikati ya zamu ya 200 na betri ya laptopu ni ile ya mtumba isiyoshika chaji, usikate tamaa. Mchezo huhifadhi wenyewe kwenye nafasi ya 10, faili lake ni SAVE10.GAM, ndani ya folda ulikouweka mchezo. Nafasi hiyo huandikwa upya kila mara, kwa hiyo kabla ya vita kubwa au kikao cha baraza hifadhi mwenyewe kwenye nafasi nyingine. Mkicheza kwa kupokezana, nakili faili hilo kwenye flashi kila mnapoagana. Ndilo mtakaloleta kesho kuangalia zamu ya 120 ilianzia wapi.